Sanduku Lililoitwa Estelle

Picha ilikuwa imezidi moja. Kaswera aliijua folda ile ya picha za binti yake Estelle kama anavyojua sufuria zake: ubatizo, komunyo, sikukuu ya shule, basi. Lakini jioni ile, groupe, jenereta ya nyumba, ilipowashwa na mashine za kompyuta zikawaka, akakuta picha asiyoijua. Estelle, kwa mgongo, katika kitenge cha bluu, anatembea kwenye barabara ya vumbi. Kitenge kile ndicho alichotoka nacho siku alipokwenda Bogoro kutafuta maharage, na siku ile hakuna mtu aliyempiga picha. Hakurudi. Hata mwili haukurudi.

"Katsuva," akamwita mume wake, sauti chini. "Nani alimupiga hii?"

Katsuva akainama, akatazama, akasema labda mteja aliiacha kwa mashine. Labda. Mwanaume akiogopa hukimbilia neno hilo.

Nianzie mwanzo, maana watu wa Shari, hapa Bunia, wanapenda kuikata hadithi hii vipande na kumeza kile kinachowafaa. Katsuva na Kaswera walitoka Butembo na binti zao wawili, Estelle na mdogo wake Mireille, wakafungua secrétariat katika sebule yao wenyewe: kupigia watu barua, kupiga picha za kitambulisho. Vita vya mwaka 2003 vilipoingia mjini, vijana wenye bunduki walibeba mashine moja, na ndani yake zikaenda karibu nusu ya picha za Estelle. Zilizobaki ndizo zilizokuwa kaburi. Mtoto asiyezikwa, mama yake akalilie wapi? Kaswera alilia mbele ya kioo cha mashine. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mashine zilizobaki zikiibiwa au zikiungua, Estelle atapotea mara ya pili.

Lambert, fundi wa mashine, ndiye aliyewaonyesha njia. CD ni rahisi, lakini vumbi la Bunia linazikwaruza. Mashine kuukuu inaweza kufanywa ghala la zote, ila inakunywa essence, petroli ya groupe, kama mlevi wa pombe ya kaniama. Au kuna kisanduku kidogo kutoka Kampala, chenye diski mbili ndani, kinachofungwa kwa waya na mashine zote za nyumba. Ukiweka kitu, kinaandikwa kwenye diski zote mbili. Moja ikifa, nyingine inabaki na yote. Na unakificha juu ya dari, mwizi asikione. Wakachagua kisanduku. Chaguo zuri, simlaumu mtu kwa hilo. Balaa lilikuwa kwenye jina.

"Inaomba jina," Lambert alisema. "Mashine zote zitakuwa zinaiita na ile jina, kila saa. Ikiitika, njo zinafungua."

"Weka Estelle," Kaswera akasema.

Lambert akamtazama Katsuva. Matanga ya mtoto yalikuwa hayajaondolewa. Walingoja barabara itulie ili wakubwa wa ukoo wafike kutoka Butembo. Na katika ukoo ule, mfu ambaye matanga yake hayajaondolewa haitwi kwa jina ndani ya nyumba. Unasema "ule mutoto", unanyamaza.

"Mama, si ni mwiko?" Mireille akauliza.

"Ni mashine njo itaita. Siye hatutaita."

Mnaisikia akili hiyo? Na baba mtu akaitikia kwa kichwa.

Basi waya ukaanza kuita. Estelle, Estelle, Estelle, kila jioni groupe inapowashwa, bila mdomo na bila kuchoka. Na kila jioni picha ikazidi. Estelle kwenye kona ya kuingia mjini. Estelle sokoni, watu wanampita bila kumtazama. Estelle mbele ya lango lao wenyewe, daima kwa mgongo, uso hauonekani. Kaswera hakuogopa. Alifurahi, maskini. Akaanza kumwekea sahani ya sombe, majani ya muhogo, pembeni.

Dari ikaanza kutoa harufu ya nyasi za paa lililoungua kisha likanyeshewa. Hata groupe ikiwa imezimwa, kule juu kulikwaruza, kr, kr, polepole.

"Mama, kule juu iko mutu anapumua," Mireille akanong'ona.

"Ni panya."

"Panya haisemi 'kuya', haiiti mutu akuje."

Mireille akaacha kula. Mikono yake ikawa baridi hata jikoni, karibu na makaa ya moto. Kisha Katsuva akafungua picha za watoto wawili pamoja, na pale alipokuwa akisimama Mireille, akaona ukuta mtupu. Akafungua nyingine, na nyingine, na katika zote mdogo alikuwa ametoka, na mkubwa amesogea katikati. Na picha mpya ya jioni ile ilikuwa imepigwa ndani ya nyumba, kwenye korido, mlangoni pa chumba cha Mireille, na safari hii Estelle alikuwa amegeuka, na uso ulikuwa wake, mashavu yake, kovu lake dogo la kidevuni, lakini macho yalikaa vibaya, kama vifungo vilivyoshonwa na mtu mwenye haraka, na yalikuwa yanamtazama Katsuva, hayamtazami aliyepiga picha.

"Tuizime," akamwambia Kaswera.

"Uzime mutoto yangu?"

"Mutoto yako iko kitandani, Kaswera."

"Ule ya kitandani ni ule mwengine," akajibu. Mireille alikuwa nyuma ya pazia, akasikia.

Katsuva akamleta Muzee Ramazani, mganga aliyezoea kuwatibu wachimba dhahabu wa kule Niania. Mzee hakuingia sebuleni. Alisimama mlangoni, akanusa, akauliza kisanduku kinaitwa nani. Walipomwambia, akakaa chini.

"Jini haina jina," akasema. "Ikisikia jina inaitwa na mwenyewe haitiki, inalichukua. Ule si mutoto yenu. Na sasa iko anatafuta mwili ya kukaa." Akamgeukia Kaswera. "Weye njo ulimuita, weye utafuta. Kwa kisanduku, kwa mashine zote. Ukibakisha hata picha moja, iko na njia."

Kaswera akafuta. Alifuta ubatizo, akafuta komunyo, machozi yanadondokea vidole, na kule juu kitu kikapiga mbao kwa ngumi, kikamwita mama kwa sauti ileile ya Estelle, lakini Kaswera hakuacha kufuta. Mzee akakivunja kisanduku kwa nyundo. Harufu ikaisha. Mireille akainuka, akaomba uji, akanywa wote. Katsuva alilia mbele ya watu bila aibu.

Lakini Kaswera alikuwa na disketi kifuani. Alikuwa amenakili humo, kabla mzee hajafika, picha moja tu, ya komunyo. Msidhani hakumpenda Mireille. Alimpenda. Jioni iliyofuata aliitia kwenye mashine aangalie kidogo tu, na harufu ikarudi kabla picha haijafunguka, na alipokimbilia chumbani alimkuta Mireille amekaa kitandani, mdomo umejaa majivu, hapumui.

Ilipotakiwa picha ya kuweka juu ya sanduku la maiti, haikupatikana hata moja. Hata ya kitambulisho ilikuwa karatasi nyeupe. Iliyopatikana ilikuwa kwenye disketi: wasichana wawili kwa mgongo, wameshikana mikono, barabara ya vumbi. Kaswera aliitazama, akatabasamu.

Baada ya mazishi akamwita Lambert pembeni.

"Tafuta kisanduku ingine."

"Mama, hapana."

"Jina weka Mireille. Tukimuita, atakuja na mukubwa wake."

Lambert akamtazama Katsuva, akimngoja akatae. Katsuva akachukua bido, dumu lake la mafuta, akatoka kutafuta essence ya groupe.