Mwacheni Apumzishe Turbo

Alhamisi ya tarehe kumi na nane Julai, mimi na Mama tulikuwa jikoni tukimenya minji, njegere za shambani kwetu. Kulikuwa na baridi ya kawaida ya Molo, ile inayokuweka karibu na jiko hata alasiri. Saa kumi na dakika kumi nikasikia gari la Baba likipanda kilima. Najua saa kwa sababu nilitazama simu. Mimi ni mtu wa kutazama saa. Chuoni nilisomea takwimu, na hata kabla ya hapo nilikuwa nikihesabu ngazi za kila jengo nililoingia.

Gari hilo tuliliita KAH, kwa herufi za namba zake. Lilikuwa la mwaka wa tisini na nne, la kijani, lenye pembe kama kabati, na injini yake ya dizeli ilisikika kama maharagwe makavu yakitikiswa ndani ya debe. Asubuhi ulisubiri taa ndogo ya rangi ya chungwa izimike ndipo uwashe, maana taa hiyo ikizimika injini iko tayari. Usukani ulikuwa mzito. Mlima liliupanda polepole, lakini halikuwahi kuushindwa, na wakati wa mvua ni hilo tu lililoweza kutoka kwetu hadi barabara ya lami bila kusukumwa. Mwaka ambao lilikaa gereji miezi miwili, viazi vya Mama viliozea shambani.

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu KAH: ukifika, usizime. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inakuwa bado inazunguka kwa kasi na imeshika moto. Ukizima ghafla, oili inaacha kupita, inaungulia humo ndani. Kwa hiyo alikaa kwenye kiti dakika mbili, injini ikinguruma taratibu, mikono mapajani, macho mbele. Tangu nikiwa mdogo nilikatazwa kumsumbua katika dakika hizo. Nilikua nikijua kwamba gari likinguruma uani, Baba anapumzisha turbo, na asiitwe.

Siku hiyo dakika mbili zilipita. Zikapita tano.

"Babako anaongea na nani huko nje?" Mama akauliza.

Sebuleni alikuwepo Anko Muiruri, mdogo wake Baba, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka kwake Milimani, Nakuru. Akasema, "Wacha nimcheki," akatoka. Alirudi baada ya dakika moja hivi, akaketi, akachukua kikombe chake cha chai.

"Mwacheni apumzishe turbo," alisema.

Tukamwacha. Tukamaliza minji. Nilipotoka ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na tatu, na injini bado ilikuwa ikinguruma. Baba alikuwa amelalia usukani. Daktari alisema ni moyo, na kwamba labda angefikishwa mapema. Sentensi hiyo hakuimalizia. Kwenye kioo cha mlango wa dereva, upande wa ndani, kulikuwa na alama ya kiganja. Niliifuta kwa mkono wa sweta kabla Mama hajaiona, na sikumwambia mtu.

Kwenye matanga Anko alisimulia kwamba siku ile alisimama barazani tu, akaona kisogo cha ndugu yake kwa mbali.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu alipochukua KAH. Alisema ni gari la ndugu yake, na kwamba wanawake wawili hawataliweza. Wazee wa ukoo walitikisa vichwa kukubali, wakaongezewa chai. Mama hakusema neno. Mimi pia sikusema, na hilo ndilo linalonifanya nijichukie zaidi.

Mwezi Septemba nilikuwa Nakuru, nimepata kibarua ofisini, Anko aliponipigia simu nifike gereji. Fundi aliitwa Bethwel, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. KAH lilikuwa limeegeshwa mbele yake, likinguruma.

"Ufunguo ndio huu," Bethwel aliniambia, akiuning'iniza kwa kidole. "Nimeutoa. Na bado inanguruma."

"Babako alikuwa anazimaje hii kitu, Prof?" Anko akauliza. Aliniita Prof tangu nilipohitimu, na hakumaanisha sifa.

"Alikuwa anazima tu. Baada ya dakika mbili."

Bethwel akaeleza. Magari ya siku hizi bila kompyuta hayaendi. Dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji stima wala betri. Inahitaji mafuta na hewa, basi. Kuna valvu ndogo kwenye pampu inayokata dizeli ukigeuza ufunguo. Ikikwama, injini inaendelea.

"Nimeweka valvu mpya mara tatu," alisema. "Wengine watakuambia ni waya. Mimi nimeangalia waya."

"Ukiiacha inaendelea kwa muda gani?"

"Siku ya kwanza ilikuwa dakika mbili. Jana, kumi na tisa. Leo hatujangoja." Akaingia ndani, akakanyaga breki kwa nguvu, akatia gia ya nne, akaachilia klachi. Gari likatetemeka lote, likafa. "Ni hivyo tu. Inyonge kama kuku, boss. Bora mguu ufike kwa klachi."

Anko hakucheka. Nilitazama kiti. Reli yake ina meno kumi na moja. Baba alikuwa mrefu, na kwa miaka yote kiti kilikaa jino la mwisho, la kumi na moja. Anko alikuwa mfupi. Alikuwa amekivuta mbele hadi la tano.

Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi, Anko alinipitia twende kwetu Molo. Alitaka Mama akubali gari liandikwe jina lake yeye Anko.

"Mamako anakusikiliza wewe," alisema. "Mwambie tu akubali, tusisumbuane. Hata kuliendesha hajui."

Nilitaka kumwambia kwamba bila gari hilo Mama ataoza pamoja na viazi vyake. Badala yake nilifunga mkanda.

Tulipita Salgaa malori yakiwa yamejipanga pembeni. Turbo ilianza kupiga mluzi wake mwembamba, na gari likaanza kupanda kuelekea Sachangwan. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami. Baba alikuwa akizima redio kila tulipopita pale, mahali lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu. Sikugusa redio. Ilijizima.

Anko aliitazama. Kisha akainua mguu kwenye mafuta. Nilimwona akiuinua. Mwendo haukupungua.

"Hii nayo," alisema kwa sauti ndogo.

Tak.

Kiti chake kilirudi nyuma jino moja. Kiti kibovu huteleza mlimani, najua. Lakini huteleza mara moja hadi mwisho. Hiki kilikuwa kinahesabu.

Tak. La saba.

"Anko, simama."

"Nasimama na nini?" Alikuwa akijinyoosha kwenye usukani, mikono imekaza. Mguu wa kushoto uliitafuta klachi. Uliigusa kwa ncha ya kiatu.

Tak. Haukuigusa tena.

Tulikata kushoto Kibunja. Sijui ni nani aliyekata. Injini ilinguruma vilevile, haikupanda wala kushuka. Harufu ya sweta la Baba ilikuwa imejaa ndani, moshi wa kuni na dizeli. Anko alianza kunong'ona. Hakuwa akiongea na mimi.

"Nilikuona. Sawa? Nilikuona."

Tak.

"Nilifika hadi kwa gari. Nikakuona ukigonga kioo. Sasa zima, Ngigi. Zima, ndugu yangu."

Sikuwahi kumwambia mtu kuhusu kioo.

Tak. La kumi.

Njia yetu ilikuwa matope matupu. KAH liliingia, likazama, likajivuta, likapanda. Lango lilikuwa wazi. Lilikwenda mpaka pale Baba alipokuwa akiegesha, kando ya tangi la maji, likasimama. Nilitazama chini. Miguu ya Anko ilikuwa ikining'inia. Hakuna aliyekanyaga breki.

Tak. Kumi na moja.

Injini ikabaki ikinguruma taratibu.

Anko alikuwa ameshika kifua. Uso ulikuwa na jasho, midomo ya kijivu. "Wangeci," alisema. Siku hiyo hakuniita Prof. "Ita mamako. Ni moyo."

Nilifungua mkanda wangu. Nikashuka. Nikafunga mlango, polepole, kama Baba alivyotufundisha, maana milango ya KAH haitaki kupigwa. Kupitia kioo nilimwona akitafuta kishikio cha mlango wake. Kilikuwa mbele, mahali ambapo mkono wa mtu mfupi haufiki. Akaweka kiganja kwenye kioo.

Mama alikuwa jikoni. Hakuinua kichwa.

"Ni nani huyo?"

"Ni Anko."

"Mbona haingii?"

Nilitazama simu. Saa tano na dakika kumi. Nilikuwa na muda. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakisimulia mambo haya husema walishikwa na nguvu fulani. Mimi sikushikwa na chochote. Mdomo ulikuwa wangu.

"Mwache apumzishe turbo," nikasema.

Mama aliacha kisu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama mlango. Kisha akasogeza bakuli la minji katikati yetu, nami nikaketi, tukaanza kumenya. Saa tano na dakika hamsini na tatu injini ilizimika yenyewe.

Daktari alisema moyo ni ugonjwa wa familia. Wazee walewale walikuja, wakanywa chai yetu, wakasema kwamba gari libaki kwa mjane. Hakuna aliyeniuliza nilishuka saa ngapi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu.

Mama hakutaka liwake tena. Bethwel alikuja kutoka Nakuru akatoa pampu yote ya dizeli, akaifunga kwa gunia na kuiweka stoo. Betri akaileta jikoni, iko chini ya meza mpaka leo. Nilimuuliza kama injini inaweza kuwaka hivyo.

"Hiyo sasa ni kabati," alisema. "Wekeni kuku." Lakini alipokuwa akinawa mikono aliuliza ni nani aliyesogeza kiti hadi nyuma kabisa. Nikamwambia kilikuwa hivyo alipokuwepo Baba.

Sasa ni Januari, nami nimerudi nyumbani. Asubuhi kuna sakitu Molo. Nyasi zinakuwa nyeupe, paa la stoo linakuwa jeupe, na KAH linakuwa jeupe kote isipokuwa boneti. Boneti huwa kavu. Siku ya kwanza nilifikiri ni jua. Siku ya pili nilikwenda kabla ya jua, nikaweka mkono. Ilikuwa na joto la gari lililotoka kusafiri. Viazi viko shambani, na njia ni ileile. Mama naye ameanza kuamka mapema na kusimama dirishani. Hajaniambia anasikiliza nini.

Mimi ndiye mfupi kuliko wote katika familia yetu. Sijawahi kuliendesha KAH. Leo asubuhi nilichungulia ndani, nikaona kiti cha dereva hakipo nyuma. Nikafungua mlango, nikainama, nikahesabu meno kwa kidole, mara mbili. Kipo jino la kwanza.

Nilikaa, ili nipime tu. Mguu wa kushoto ulitua juu ya klachi bila kunyooshwa.

Mbele yangu taa ndogo ya rangi ya chungwa ilikuwa ikiwaka. Nikaitazama mpaka ikazimika.