Vidole Ndani ya Paja

Jeli ya altrasaundi huwa baridi kama pua ya mbwa. Alhamisi hiyo ya mwaka wa tisini na saba, kwenye kliniki moja ya ghorofani mjini Thika, ilitoka moto.

"Nani ameweka hii kwa jua?" Kagwe akafoka. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha za mashine pale, na ungemsikia akijisifu ungedhani mashine aliizaa mwenyewe.

Kitandani alilala Tausi wa mtaa wa Gitothua. Miezi minne misuli ilimwaka: hawezi kuchana nywele, hainuki kitini bila kushikwa. Daktari alitaka picha ajue nyama imevimba wapi zaidi, akate hapo kipande cha kupima. Lakini pajani pana hirizi, imefungwa kwa uzi mweusi.

"Mama Zahra, hii kitu inanizuia," Kagwe akamwambia.

"Usiiguse, kaka. Haimfukuzi jini. Inamfunga kwangu, asimwendee mtoto."

Nje kwa benchi, Zahra wa miaka sita alikuwa akiimba.

"Mimi huona watoto kabla hawajazaliwa," Kagwe akacheka. "Jini sijawahi kuona." Makasi, kacha! Hirizi ikaanguka, naye akapitisha kifaa cha mashine pajani.

Kwenye skrini, nyama iliyovimba hutoka nyeupe, kama ukungu. Weupe ukatoka, lakini ulikuwa vidole vitano, vimeshika paja kutoka ndani. Stima ikapotea. Feni ikanyamaza, redio ya duka la chini ikanyamaza, harufu ya udi ikapanda, na skrini, bila stima, ikaendelea kuwaka, kidole kimoja kikiachilia, kisha cha pili, polepole kama mtu anayehesabu waliomo chumbani, mpaka paja likabaki jeusi, safi, na Tausi akaketi bila kushikwa na mtu.

Nje, wimbo ulikuwa umekatika.

"Zahra!"

"Nafunga kiatu, mama!" Akaja mlangoni akirukaruka.

"Si nilikuambia hakuna jini?" Kagwe akasema, akataka kusimama. Magoti yakakataa. Mkono ukamlegea, kifaa kikaanguka juu ya paja lake mwenyewe, na skrini ikaonyesha vidole. Vitatu vimeshika. Viwili vimeinuka, vimeelekea mlangoni.

Tausi akaokota hirizi sakafuni. "Nikikufunga, atakaa kwako," akanong'ona. "Nisipokufunga, atachagua."

Kagwe akamtazama mtoto, kamba za viatu zimefungwa kombo.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Kaza fundo, mama Zahra. Kaza kabisa."