Mnoa Visu Hakupiga Kengele

JUMATANO, SAA KUMI ALASIRI

Chumba kilikuwa nyuma ya kibanda cha kuchomelea vyuma. Dirisha moja, limezibwa kwa bati. Benchi moja, wanaume watatu, na joto la kumfanya mtu agombane na shati lake.

Rangi alichovya brashi kwenye kopo la maji akachora ukutani. Barabara. Geti. Mlango wa nyuma. Ngazi. Chumba cha kulala, na nyuma ya kabati, kasha la chuma. Saruji ilikunywa maji, na ramani ikafifia huku wakiitazama. Nondo alipenda hivyo. Mpango usioacha alama.

"Kesho, saa nne na nusu asubuhi," Nondo alisema. "Dalali yuko mnadani. Mkewe yuko kwa dada yake. Mlinzi hutoka saa nne na robo kwenda kunywa chai, hurudi saa tano kasoro robo."

"Chai gani ya nusu saa?" Rangi aliuliza.

"Hujamwona anayeiuza."

Wakacheka wawili. Wa tatu, Kitasa, hakucheka.

Kitasa na Nondo walikuwa wa tumbo moja. Nondo mkubwa, Kitasa mdogo. Miaka kumi na moja walikuwa wameiba pamoja: mdogo anafungua, mkubwa anabeba. Huyu Rangi alikuja juzi tu, miezi minane iliyopita. Mpaka rangi wa kweli, mwenye ngazi yake na madoa yake kwenye viatu. Ndiye aliyepaka nyumba ya dalali ndani na nje, akaliona kasha kwa macho yake.

Na dalali mwenyewe hakuwa mgeni kwa ndugu hawa. Miaka kumi na tisa nyuma alisimama mlangoni pa karakana ya baba yao, fundi wa kufuli, akiwa na kinyundo cha mbao. Akauza jiliwa la kubania vyuma. Akauza mashine ya kuchonga funguo. Akauza hadi kigoda ambacho mzee alikuwa amekikalia. Walimwambia ainuke kidogo. Kilichosalimika ni mfuko wa ngozi wenye funguo malaya za mzee, zile za kufungulia kufuli lolote, ambao Nondo aliuficha ndani ya shati. Watu wa namna hiyo huvunja nyumba za wenzao mchana kweupe, na askari wakawashikia mlango, kwa sababu wana karatasi ya mahakama yenye muhuri. Vunja wewe usiye na muhuri uone utaitwaje.

"Mdogo wangu," Nondo alisema, "mtaa ukoje?"

Kitasa alikuwa na jibu mdomoni tangu asubuhi.

Siku tatu alikuwa amekaa mkabala na nyumba ya dalali, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akijifanya mnoa visu. Kinoo, gurudumu, na pedali ya kukanyaga kwa mguu. Siku ya kwanza wanawake wa mtaa walimletea visu. Siku ya pili visu vilikwisha, wakamletea salamu.

"Bado upo, kaka?"

"Nipo, dada."

"Unakaa wapi?"

"Huko ng'ambo."

"Ng'ambo ya wapi?"

Mnoa visu hutembea. Yeye alikaa. Lilikuwa kosa la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa chini ya mguu wake. Asubuhi ya Jumatano alikuja mshona nguo wa nyumba ya jirani, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni na, juu ya futi, filimbi kwenye uzi, kama ya kila mama wa mtaa ule. Alimpa mkasi. Hakuutazama mkasi. Alitazama pedali.

"Ina ufa upande wa kushoto," alisema.

"Nini, mama?"

"Hiyo. Ina ufa, na ufa umekazwa kwa waya wa shaba. Mume wangu alikuwa na mkono mzuri wa kukaza vitu."

Kitasa aliusogeza mguu wake ukafunika ufa. Miaka miwili nyuma walikuja mtaa huu huu kumwibia dalali, mbwa wakawatoa mbio. Nondo akakasirika. Na hasira ya mwenye njaa, tumeiona mara ngapi, hushindwa na mnene ikamwangukia mwembamba. Wakabeba cherehani ya miguu kutoka nyumba ya pembeni. Kichwa kikauzwa, miguu ikabaki. Kitasa akaitengenezea kinoo.

"Pedali zote zinafanana, mama."

"Zinafanana," mama alikubali, akachukua mkasi wake. "Basi ukija kesho tutasalimiana. Siku hizi mtaa huu tunasalimiana sana. Tangu tuibiwe."

Akavuka barabara, akaketi dirishani, akafungua daftari la shule akaandika. Kisha akachukua simu.

Sheria ya Nondo ilikuwa moja, na wote waliijua: mtaa ukishakujua sura, unauacha. Hata kama kuna dhahabu imeanikwa uani. Kitasa alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. *Wametujua, kaka.* Akafungua mdomo.

Nondo akainama chini ya benchi, akatoa mfuko wa ngozi. Mfuko wa baba. Akauweka mapajani mwa Rangi.

"Wewe unatangulia kesho. Unafungua. Mimi nabaki garini."

Maneno mawili yakarudi kooni.

"Kaka," Kitasa alisema, "huo mfuko..."

"Vidole vyako, mdogo wangu." Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibanwa na nondo za dirisha mwaka jana, havikurudi kuwa vidole. "Rangi nimemfundisha."

"Umemfundisha lini?"

"Jioni jioni. Pale nyumbani."

Nyumbani. Kitasa hakukumbuka lini mara ya mwisho aliitwa nyumbani kwa kaka yake jioni.

"Ana mkono mwepesi," Nondo alisema, na macho yake yaling'aa kama ya mtu anayemsifu mwanawe. "Hata mtoto wangu amemzoea. Anamwita baba mdogo."

Rangi aliinamisha kichwa, aibu kidogo. "Watoto nao..."

Baba mdogo. Mtoto yule alikuwa na baba mdogo mmoja duniani, na baba mdogo huyo alikuwa amekaa pale kwenye benchi, na vidole vyake viwili vilivyokufa.

"Nimekuuliza mtaa ukoje," Nondo alisema.

Kitasa alimtazama Rangi. Akatazama mfuko. Akapiga hesabu yake haraka. Rangi anaingia peke yake. Filimbi zinalia. Nondo yuko kwenye gari, anaondoka. Yeye anasukuma kinoo chake na kuishia kona. Anapotea mmoja tu, na anayepotea ndiye aliyezidi.

"Mtaa umelala, kaka," alisema.

ALHAMISI, SAA NNE NA ROBO ASUBUHI

Mlinzi alitoka getini. Kikombe chake alikiacha juu ya kiti. Kitasa alikiona kile kikombe, akajua: huyu haendi kunywa chai, ameambiwa atoke.

Mshona nguo hakuwa dirishani. Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na anayefagia wala anayeanika. Milango yote ya nondo imefungwa, na nyuma ya kila mlango, giza lenye kupumua.

Watu wa mtaa hawakuwa wakimlinda dalali. Wangapi kati yao walikuwa wamewahi kukisikia kile kinyundo chake? Lakini cherehani ilipobebwa, nyumba ya dalali haikupoteza hata kijiko. Walilinda vijiko vyao.

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI

Kigari cha mizigo kilisimama, ngazi ya kupakia rangi juu yake. Rangi alishuka na kisu cha jikoni, kama mtu anayetaka kunolewa kisu. Kitasa akakanyaga pedali.

"Kengele yako inalia?" Rangi aliuliza chini chini. Makubaliano yalikuwa kengele ya baiskeli, iliyofungwa kwenye kinoo. Mara tatu, hatari.

"Inalia. Mbona umeshuka? Mfuko uko wapi?"

"Nimeurudisha."

Mguu wa Kitasa ukasimama.

"Noa, kaka, tunatazamwa," Rangi alisema. "Niliurudisha jana ileile. Nilimwambia, kitu cha baba yenu siwezi kukibeba. Ampe Kitasa. Akasema vidole vyako havitaweza, utakamatwa. Basi nikamwambia abebe mwenyewe. Akaona aibu, akakubali. Anaingia yeye. Mimi nimepewa usukani." Akachukua kisu chake. "Sikutaka ufikiri nimekuja kukalia nafasi yako."

Akarudi kwenye gari.

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI NA SITA

Nondo alishuka. Ovaroli yenye madoa, kofia ya karatasi, na mfuko wa ngozi begani. Alitembea kama mwenye nyumba. Alipopita mbele ya kinoo alimkonyeza mdogo wake, kama zamani, walipokuwa wakiiba sukari ya mama.

Kidole gumba cha Kitasa kilikuwa juu ya kengele.

Piga.

Akipiga, Nondo atageuka, ataingia garini, ataishi. Na jioni atauliza: ulijua tangu lini? Na Rangi atakuwa amekaa pale pale, na mkono wake mwepesi na moyo wake safi, na mtoto akimwita.

Piga, wewe.

Na jambo jingine lilimchoma, na alilionea haya hata likiwa tumboni: kaka yake amekwenda kujiweka mdomoni mwa simba, halafu usukani, njia pekee ya kutokea, amemwachia nani? Rangi.

Nondo akasukuma geti. Likafunguka. Likajifunga.

SAA NNE NA DAKIKA THELATHINI NA MOJA

Kidole kilipoanza kushuka, filimbi ililia.

Moja kwanza, dirishani kwa mshona nguo. Kisha ya pili, ya tano, kisha mtaa mzima, mlango kwa mlango, sauti kali ya kuchana sikio. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyebeba rungu wala kukimbiza mtu. Walipuliza tu, wakiwa ndani, milango imefungwa. Na kutoka pande zote mbili za barabara yakachomoza magari ya polisi, bila haraka, kama wageni walioalikwa.

Upande wa kushoto pengo lilibaki. Gari moja dogo lingepita. Rangi alikuwa na usukani mkononi na injini inanguruma.

"Nenda!" Kitasa alijisikia akisema, na hakujua anamwambia nani.

Rangi hakwenda. Aliruka chini, akakimbilia getini akiita, "Nondo! Toka! Nondo!" Kama mtu anayemwita ndugu yake ndani ya nyumba inayoungua.

SAA NNE NA DAKIKA ARUBAINI

Waliwatoa pamoja. Pingu moja: mkono wa kushoto wa Nondo, mkono wa kulia wa Rangi. Nondo alikuwa na damu mdomoni, Rangi alikuwa akimfuta kwa bega. Mfuko wa ngozi ulikuwa mkononi mwa askari, anautikisa aone kama unalia.

Walipita mbele ya kinoo. Nondo alisimama. Akatazama kengele. Akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, akasoma yote, mstari kwa mstari, hadi chini.

"Huyu mnoa visu ni mwenzako?" sajini aliuliza.

"Simjui," Nondo alisema.

Kitasa aliwatazama mikono, chuma kile kimoja kilichowaunganisha, na Mungu amsamehe, alikionea wivu.

Mshona nguo alikuwa ameshavuka barabara, daftari kwapani.

"Mimi namjua," alisema. "Anakanyaga pedali yangu. Siku zote na saa zote nimeziandika humu."

Sajini akapapasa mkanda wake. Pingu zilikuwa zimekwisha. Mtaa ukatoa kamba ya kuanikia nguo, na Kitasa akafungwa peke yake.