Tarumbeta la Eliamini na Uzi wa Hariri

Eliamini wa Mwika hakuwa na baiskeli. Hakuwa na ng'ombe wa pili. Hakuwa na bati juu ya nyumba, na viatu vyake vya kanisani vilikuwa vya marehemu baba yake. Hayo hayakumkosesha usingizi. Alikuwa na kihamba, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba, alikuwa na mkewe Priska na mtoto wao Aminieli, na alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza katika usharika wao. Kilichomuuma ni kimoja: hakuwa tena na meno ya kupigia.

Kila alipoliweka tarumbeta mdomoni, fizi zilitoa damu. Meno mawili ya mbele yalicheza. Wenzake walimtania kwamba siku moja jino litatokea upande wa pili pamoja na wimbo.

Sasa Mwalimu Elifuraha, kiongozi wa matarumbeta, alikuwa amemwandikia kutoka Moshi: "Pasaka inakuja. Je, utaongoza wapigaji wa usharika wenu, au nimpe mwingine? Nijibu kabla mwezi haujaisha."

Eliamini akaandika kwamba apewe mwingine. Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga. Priska akaichukua, akaitazama. Kwenye ukingo mweupe palikuwa na mstari wa damu.

"Baba Aminieli, hii haiendi," alisema. "Mwalimu atadhani umechinjwa."

"Nifanye nini basi?"

"Barua itakaa. Wewe ndiye utakayekwenda, kwa dresa."

Dresa, yaani mhudumu wa tiba wa zahanati, alikuwa Bwana Mikidadi, mzaliwa wa mjini Moshi. Eliamini alifika kwake na tarumbeta mkononi, akielekea mazoezini. Mikidadi akamchungulia kinywani.

"Unapiga mswaki?"

"Kila asubuhi. Tazama yalivyo meupe. Ila tangu damu ianze, sigusi fizi, nisiziumize."

"Hapo ndipo ulipokosea, bwana. Damu inaletwa na uchafu unaolala katikati ya meno. Fizi inavimba, inaliachia jino, jino linacheza. Hebu niambie, tarumbeta hilo unalisafishaje?"

"Nje nalipangusa."

"Na ndani?"

"Ndani napitisha kamba yenye kitambaa mpaka itokee upande wa pili. Nisipofanya hivyo linalia kama mbuzi mwenye mafua."

"Na kinywa chako je? Umekipangusa nje tu."

Eliamini akacheka, kisha akakumbuka fizi zake, akaziba mdomo kwa mkono.

Mikidadi alikata uzi wa hariri, akauzungusha kwenye vidole viwili. "Upitishe taratibu katikati ya meno. Ukumbatishe jino moja, upandishe na kushusha, kisha jino la jirani. Usiusukume kwa nguvu, utajikata. Penye nafasi pana, tumia kijiti laini, chembamba. Kila siku. Wiki ya kwanza damu itatoka. Usiache kwa sababu hiyo. Na huu ugaga, uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, uzi hauuwezi. Nenda hospitali ukakwanguliwe."

"Na haya yanayocheza?"

"Sitakudanganya. Yanaweza kukaza kidogo, lakini mfupa ulioliwa haurudi. Ukizembea, yatang'oka."

Eliamini alishuka Moshi, akakwanguliwa ugaga. Kisha kila jioni, baada ya chakula, alikaa mlangoni na uzi wake. Siku ya nne uzi ulikuwa mwekundu, akautupa.

"Mtu mzima ameshindwa na uzi," Priska alisema, akamkatia mwingine.

Wiki ya pili damu ilipungua. Ya tatu haikuonekana. Jino moja bado lilicheza kidogo, lakini tarumbeta lilikaa mdomoni bila maumivu. Alipiga wimbo mzima, na jirani akasimama kwenye mfereji kumsikiliza.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tano. Eliamini akachana barua ya kwanza, akaandika nyingine: "Mwalimu, nitaongoza mimi."

Akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akampa mkewe. Priska akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa nyeupe. Akaitia kwenye kikapu chake cha sokoni, akaenda kuitia posta.