Chiriku na Maji ya Dawa

Wakati wa likizo, Chiriku aliosha vyombo kila asubuhi, kisha akamlea mdogo wake huku mama yao akishona nguo kibarazani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja mtoto aliamka akiharisha. Mama alikoroga pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini, akamkabidhi Chiriku kikombe na kijiko.

"Mpe kidogo kidogo, hata akitapika. Namalizia sare za watu."

Chiriku alimpa vijiko vichache. Mtoto akaharisha tena. Kumbe kinachoingia ndicho kinachotoka, Chiriku aliwaza; nikiacha kumpa, tumbo litatulia. Akayamwaga maji ya dawa yaliyobaki. Mama alipouliza, alijibu, "Amekunywa yote, mama."

Mchana mtoto alilegea. Macho yalikuwa yamedidimia, na alilia bila machozi. Wakamkimbiza zahanati.

"Amekunywa maji ya dawa?" muuguzi aliuliza.

"Kikombe kizima," mama alisema.

Muuguzi alikunja uso. "Basi hayamsaidii. Itabidi tumtundikie dripu."

Chiriku aliitazama sindano, akautazama mkono mdogo wa nduguye. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito.

"Hakunywa," alisema kwa sauti ya chini. "Niliyamwaga. Nilidhani yanamzidishia."

Muuguzi aliweka sindano kando, akamkagua mtoto upya, akakoroga dawa nyingine.

"Tuanze na kijiko. Mpe wewe."

Chiriku alipokuwa akimnywesha, muuguzi alimweleza, "Utumbo umejengwa kwa seli, ndogo hata hazionekani kwa macho. Kila seli ina utando unaochagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Virusi vikiingia huuvuruga utando huo, maji na chumvi vikavuja. Lakini seli zilizo nzima bado hufyonza maji, hasa yakiwa na chumvi na sukari. Usipompa, yanavuja tu na hakuna yanayorudi."

Kufikia jioni mtoto alilia tena, na safari hii machozi yalimtiririka mashavuni. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Lia, baba, lia."

"Nisamehe, mama," Chiriku alisema.

Mama alimvuta karibu. Muuguzi ndiye aliyejibu.

"Asiyejua hufundishika, binti yangu. Lakini ukificha ulichofanya, mimi nitatibu uongo wako, na mdogo wako atabaki na ugonjwa wake."