Mitungi ya Bure

Risasi ya kwanza ilitoboa beseni la nguo. Ya pili ilipita karibu na sikio la Wembe, akasikia joto lake.

Hakusimama.

Hatua thelathini mbele, mwanaume mwenye ovaroli ya kampuni ya ujenzi alikuwa anakimbia kati ya nyumba zenye alama ya X nyekundu ukutani. Watu wa mtaa walimwita Fundi Gesi. Wiki nzima alikuwa anawagawia mitungi, bure kabisa, eti zawadi ya mradi. Nyumba sitini zilipokea. Nani anakataa cha bure?

Chini ya kila mtungi kulikuwa na bomu.

"Wembe, ripoti," sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni.

"Nipo mgongoni kwake. Ana rimoti."

"Mbona habonyezi?"

"Na yeye yumo ndani. Akifika barabarani atabonyeza."

Mwezi uliopita wakazi walishinda kesi. Jaji alisema hawahamishwi. Lakini kulikuwa na bwana mmoja wa kigeni, mwenye mchoro wa maghorofa na bwawa la kuogelea, na yeye akaona moto hauitwi mahakamani. Saa nne asubuhi mtaa uungue. Ajali ya gesi, wangesema, pole sana.

Watu elfu mbili.

Fundi Gesi alichungulia Samsung yake. Ramani ya wapima ardhi. Akakata kushoto, kichochoro cha tatu. Kwenye ramani kichochoro hicho kilitokea barabarani, na barabarani bwana yule alikuwa anamsubiri ndani ya Land Cruiser nyeusi.

Wembe akapunguza mwendo. Akabadilisha magazini ya bastola yake ya Glock taratibu.

Alikuwa ameishi mtaani hapo miezi miwili akijifanya mshonaji. Kichochoro hicho alikijua. Miaka sita iliyopita Mama Mapacha alikiziba akajenga jiko, na majirani wote waliridhia, kwa sharti asikaange samaki siku za kufua.

Hiyo haimo kwenye ramani yoyote.

Kishindo. Sufuria zikaporomoka.

"We baba, unaingia jikoni kwa watu hata hodi hakuna?"

Wembe aliingia. Fundi Gesi alikuwa amebanwa kati ya meza na ukuta, bastola usoni kwa Mama Mapacha. Miguuni pake kulikuwa na mtungi mpya wa bluu. Nyuma ya pazia watoto wawili walikuwa wanalia.

"Tupa hiyo, dada. Nabonyeza."

"Bonyeza. Wako huo hapo miguuni."

Akatazama chini. Nusu sekunde tu.

Mama Mapacha akammwagia birika zima la maji ya moto.

Jamaa alilia kama mnyama. Risasi yake ikatoboa bati. Wembe akamzamisha goti mbavuni, akaukamata mkono wa rimoti, akaupigiza kwenye pembe ya meza. Mfupa ukavunjika kama kuni kavu.

Lakini kidole gumba kilikuwa kimeshabonyeza.

Kwenye kioo cha rimoti: 3:00. 2:59.

"Zima."

Fundi Gesi alicheka, meno yamelowa damu. "Namba ya kuzimia anayo bosi peke yake. Tutaenda wote, dada."

Wembe akamlaza kwa kitako cha bastola, akaichukua rimoti.

"Mama, chukua watoto ukimbie."

"Nikimbilie wapi? Kila kona ina mtungi."

Juu ya jiko, upande wa barabara, kulikuwa na dirisha dogo la kutolea moshi. Fundi Gesi na mabega yake asingepita. Wembe alipita.

Barabarani dereva wa Land Cruiser alimwona akatoa bunduki. Wembe alimpiga mbili za kifua, akaanguka juu ya usukani, honi ikalia mfululizo. Akafungua mlango wa nyuma. Akamvuta bwana wa kigeni kwa tai, akamsukumiza kichwa mbele kwenye dirisha lile lile. Bwana alipita. Koti lake, saa yake na ngozi ya bega zilibaki kwenye misumari. Wembe akafuata.

0:58.

Wembe alimkalisha juu ya mtungi, mdomo wa Glock gotini kwake.

"Namba."

"Nisikilize. Nitakupa nyumba. Ghorofa ya juu kabisa."

"Muulize," alisema Mama Mapacha, mtoto kila kwapa, "lifti ikiharibika mimi na hawa tunapandaje."

0:31.

Wembe akafyatua. Goti likapasuka. Bwana akaanguka akipiga kelele, na Wembe akamrudisha juu ya mtungi kwa nywele.

"Una goti lingine. Na sote tunakaa hapa hapa."

0:14.

"Nane! Nane, sifuri, tatu."

Akabonyeza. Taa nyekundu ya rimoti ikazimika.

Ni honi tu huko nje, na watoto.

"Wembe, ripoti."

"Marehemu mmoja, wawili wa kubeba. Mitungi sitini imekufa. Wategua mabomu waje waikusanye."

"Na wakazi?"

Wembe alimtazama Mama Mapacha. Alikuwa ameshawaweka watoto chini, anaokota sufuria zake, anamruka bwana wa kigeni sakafuni kama gunia lililowekwa vibaya.

"Wapo nyumbani," alisema.

Akafuta damu mkononi, akachomeka Glock kiunoni, akatoka kwa mlango.