Gari la Marehemu Roy

Kiti cha dereva kilikuwa na joto, kama mtu aliyekikalia ameinuka sasa hivi. Wendell Pruski aliurudisha mkono wake haraka. Ndani ya banda lile, nje kidogo ya mji wa Toledo, Marekani, baridi ilikuwa ya kugandisha maji, na gari halikuwa limeguswa miaka ishirini na minane, tangu mwenyewe afariki.

Alikuwa amekuja kuamua kama atalinunua. Bi Opal, mjane wa Roy Hatcher, alikuwa akiliuza vilevile lilivyo, kutu na yote, injini imeshang'olewa. Mjini kulikuwa na jingine la mwaka uleule wa 1970, limekwisha tengenezwa, linang'aa. Darlene, mkewe Wendell, alilitaka hilo.

"Kufunga viatu tu unaguna," alimwambia. "Utalala chini ya gari, wewe?"

Wendell alicheka. Tangu astaafu kiwandani mikono yake ilikuwa haina kazi, na hilo lilimuuma kuliko mgongo. Akaingia, akakaa, akaushika usukani.

Harufu ya sigara ikamjaa puani. Kisha chini ya boneti, mahali palipokuwa patupu, kitu kikaanza kunguruma, polepole, halafu kwa nguvu, mpaka vioo vikatetemeka, mlango ukajifunga, mkanda ukamzunguka kiunoni ukakaza na kuzidi kukaza, huku vidole asivyoviona, vya moto, vikiifunika mikono yake pale usukanini, na Darlene nje akivuta kitasa kwa mikono miwili, mdomo wazi, sauti haitoki.

Bi Opal, aliyekuwa amesimama mlangoni pa banda, hakukimbia. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango kana kwamba ni wa jikoni kwake, akaketi.

"Roy," alisema taratibu, "huyu si wako. Unayemngoja ni mimi. Mwache, mume wangu. Twende."

Mkanda ukalegea. Mlango wa dereva ukafunguka, na Wendell akaangukia miguuni pa Darlene. Milango ikajibamiza, na ngurumo ikakatika.

Lile la mjini Wendell hakwenda hata kulitazama. Alichokiona polisi walipokata paa la gari, milango ilipokataa kufunguka, kilimtosha: Bi Opal amekwisha fariki, uso umetulia, mkono wa kushoto uko juu ya gia, na mgongoni mwa kiganja chake alama za vidole vinne, nyekundu bado, za mkono mkubwa wa mwanamume.